Wale Wanaotupungia Mkono

Tarehe 3 Februari

Mume wangu mdogo,

Mimi mzima, goti ndilo bovu, na goti usiliulize maana halina habari mpya. Anayeandika ni mama mshonaji wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kupamba maneno. Kalamu yake ikikimbia kuliko mdomo wangu namshika mkono.

Ile simu uliyoniletea nimeifunga kwenye kitambaa nikaiweka kabatini. Inanipigia kelele sikioni, halafu inakata mtu akiwa katikati ya neno. Barua ni bora. Barua nasomewa, na nisipoelewa nasomewa tena.

Mama yako kaniambia wenye kiwanda cha uchapaji wanakutuma mlimani ukaipige picha ile ngome ya kale, waiweke kwenye kalenda yao inayoanza mwezi wa nne. Nilivyosikia nilikaa chini. Babu yako aliendesha lori njia ile, akipeleka saruji na mbao siku walizokuwa wanaikarabati. Kila akirudi ananisimulia: lango lake, kuta zake, mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Ananiambia, wiki ijayo nakupeleka ukaione. Wiki ijayo nina mimba. Wiki ijayo nina mtoto mgongoni. Wiki ijayo nina mimba tena. Babu yako kafa, na mimi ngome naijua kwa masikio tu.

Basi nipigie picha kubwa. Si ile ya kushika mkononi kama tiketi. Ya ukutani.

Barabara ile ni mbaya. Babu yako alipiga honi kila kona, na hakuona haya kurudi kinyumenyume. Gari likikataa usilibishie. Beba maji. Na usivae ile suruali iliyochanwa makusudi, watakudhania umeibiwa.

Bibi yako. Kidole changu hiki hapa chini, na wino umeniingia kwenye kucha.

(Mimi mshonaji: amesema pia "mwambie nampenda", halafu akaniamuru nifute. Sijafuta.)


Tarehe 20 Februari

Bibi, mke wangu mkubwa,

Shikamoo. Nimekwenda, nimerudi salama. Picha yako nimempa kondakta wa basi, iko ndani ya bomba la karatasi ngumu. Mtu asiikunje.

Barabara ni mawe matupu. Kuna mahali gurudumu la mbele bado linatafuta njia na la nyuma limekwisha kata tamaa. Nilipanda kwa gia ya kwanza karibu njia nzima, pikapu ya kazini inakohoa kama mzee wa kiko. Jua lilikuwa linashuka na mimi nakimbizana nalo, kwa sababu bosi alisema picha ya mchana hataki. Anataka ile saa ukuta unapokuwa mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni.

Niliwahi. Nilipanda juu ya ukuta wa nyuma, nikaliweka lango upande mmoja, na upande wa pili bonde na barabara inavyojikunja. Bosi ameitazama akavua miwani, akaivaa, akaitazama tena. Itakaa kwenye jalada la kalenda.

Kushuka nilipitia upande wa pili wa mlima, kwenye lami. Ni mbali zaidi, ila giza lilikuwa linaingia. Hakuna jingine.

Mumeo.


Tarehe 2 Machi

Mume wangu mdogo,

Picha imefika na haikukunjwa. Seremala kaigongea kwenye ukuta unaotazama dirisha. Nimelia, na mama yako usimwambie. Mawe kweli ni kama vichwa vya ng'ombe. Babu yako alinidanganya mambo mengi, lakini hili hakudanganya.

Nimeita watu. Wanawake waliokuwa wanapimwa nguo kwa mshonaji wamekuja na pini mabegani. Sasa sikiliza. Mshonaji, mwenye macho yake manne, kasogea mpaka pua imegusa karatasi, akasema, "Bibi, mbona huku chini kwenye kona kuna watu?" Wako wawili. Mwanamke kainua mtandio, mwanamume kainua mikono yote miwili. Nyuma yao kuna kigari kimeegeshwa. Wanakupungia mkono.

Nikawaambia wanawake, mnaona? Mjukuu wangu hata mlimani anajulikana. Watu wameacha safari yao, wamesimama wamsalimie.

Basi kila asubuhi nikifungua dirisha na mimi nawapungia. Anayeingia kwangu namwambia, salimia watu wa mlimani kwanza. Muuza maziwa kawapungia. Fundi bomba kawapungia na spana mkononi, nikamwambia, weka chini hiyo, utawatisha. Ni akina nani? Niambie niwaite kwa majina, si heshima kumsalimia mtu kila siku humjui.

Bibi yako. Kidole hicho.


Tarehe 11 Machi

Bibi,

Shikamoo. Naomba uiondoe ile picha ukutani. Nakala hiyo haikuchapwa vizuri, rangi yake itafifia. Nitakuletea nyingine yenye lango peke yake, upande ule wa bonde nimeukata. Itapendeza zaidi.

Wale watu siwajui. Ni watu wa njiani tu. Na tafadhali usiendelee kuita majirani kuja kuitazama.

Mumeo.


Tarehe 17 Machi

Mume wangu,

Nimesomewa barua yako mara mbili na mara zote mbili ilikuwa fupi.

Nimeelewa. Sijakanyaga shule lakini si mjinga. Picha yako imekuwa kubwa, iko kwenye jalada, inatazamwa na watu wenye viti vya kuzunguka. Halafu nakala yake moja imekaa kwangu, juu ya ndoo ya maji, pembeni ya ukuta uliobabuka. Wanaokuja kuitazama ni muuza maziwa na fundi bomba. Ulitaka waje akina nani? Mawaziri hawanijui.

Ukuta huo uliobabuka ndio ulioegemea ukijifunza kusoma. Ulikuwa unanisomea mimi, kila neno unaniwekea kidole, nami natikisa kichwa kama naona. Siku zile hukunionea haya.

Kama unaona aibu ya bibi yako, sema hivyo. Usinisingizie rangi. Rangi ya picha hii haina ugonjwa.

Bibi yako.

(Mimi mshonaji: maneno makali ni yake, sikuongeza chumvi, niliomba hata tupunguze. Tangu barua yako ifike hajawapungia wale watu. Anafungua dirisha, anageuka.)


Tarehe 24 Machi

Mama mshonaji, nakuomba barua hii msomee bibi mkiwa wawili tu.

Bibi, mke wangu,

Sikuonei aibu. Hata siku moja. Ninayemwonea aibu ni mimi, na nimeshindwa kukwambia kwa sababu umewapenda wale watu.

Hawakuwa wananisalimia.

Nilipokuwa napanda nilikuta matawi yametandazwa barabarani, nikajua mbele kuna gari limekwama. Kwenye kona ya mwisho kabla ya ngome nikawakuta. Mwanamume alisimama katikati ya njia. Nilishusha kioo lakini injini sikuizima. Akasema, "Kaka, ekseli imekatika. Mchukue basi mke wangu, umshushe chini akatafute fundi, mimi nitabaki na mzigo." Nikalitazama jua. Bibi, mtu anazungumza na mimi nami nalitazama jua. Nikamwambia, "Napanda hapo juu mara moja, nikishuka nawachukua wote." Yule mwanamke akasema, "Haya, tunakusubiri." Akasogea pembeni nipite. Hata akaliondoa tawi lisikwame kwenye gurudumu langu.

Nikapanda ukuta. Nilipoinua kamera waliniona kule juu wakaanza kupunga, ili nisiwasahau. Sikuwasahau. Niliwaona vizuri sana kwenye lenzi. Na nikufichie nini, nilifurahi wako pale. Nilisema moyoni, barabara tupu ingekuwa barabara tu, hawa wanaipa uhai. Nikangoja mwanamke ainue mtandio juu zaidi, ndipo nikabonyeza.

Halafu jua likazama, na ile njia nikaiogopa. Mlinzi wa ngome akaniambia kuna lami upande wa pili. Nikajiambia litapita gari jingine. Njia ile haipiti magari, bibi, unajua. Nikashukia upande wa pili.

Sasa kalenda imetoka. Iko posta, iko zahanati. Kinyozi wangu ameitundika mbele ya kiti chake, na ukiwa unanyolewa huwezi kugeuza kichwa. Nimeanza kupita mtaa wa nyuma. Na wewe ukaniandikia kwamba unawapungia kila asubuhi.

Sijui walishukaje. Sijui kama walishuka.

Mjukuu wako.


Tarehe 30 Machi

Mjukuu wangu,

Barua yako imesomwa kwenye chumba cha kushonea, watu wamejaa. Kosa si la mshonaji. Alipofungua alisema, "Bibi, hii anataka tusome wawili." Nikamwambia soma, mimi na mjukuu wangu hatuna siri, tena hawa wanawake wamezoea barua zake, wanazisubiri kuliko nguo zao. Akasema, bibi, twende ndani. Nikamwambia soma.

Akasoma. Alipofika pale ulipongoja mtandio uinuliwe juu, cherehani ya msaidizi wake ikasimama. Mwanamke mmoja alikuwa na mkono mmoja ndani ya gauni na mmoja nje, akabaki hivyo hivyo. Nikasema, malizia. Akamalizia. Hakuna aliyenitazama. Mke wa muuza maziwa akasema taratibu, "Na sisi tulikuwa tunawapungia." Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kwa mgonjwa.

Nimezoea kudharauliwa kwa umaskini, hilo halinitoi jasho. Hili limenitoa jasho. Watu wanaomba msaada, na mimi kila asubuhi nawapungia mkono na meno yote nje. Nimeufundisha mtaa mzima kuwacheka.

Picha nimeigeuza, inatazama ukuta. Sikuichana kwa sababu wao hawajakosa kitu, kwa nini niwachane.

Unaniambia, "Sijui walishukaje." Hujui kwa sababu hujauliza. Pikapu unayo, njia unaijua, miguu unayo. Nani anakuzuia, jua?

Nenda. Usinipelekee kule mikate na sukari kama anayetembelea wagonjwa. Usiende na kamera. Nenda uso mtupu, uwaulize walifikaje nyumbani, halafu unyamaze usikilize mpaka wamalize. Wakikutukana, itikia. Wakikufukuza, nenda kesho yake.

Sikukasirika kwa sababu sikupendi. Ningekuwa sikupendi ningekaa nikala chakula changu.

Bibi yako.


Tarehe 15 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Umeniita mjukuu. Nimeliona.

Nilikwenda. Mlinzi wa ngome alinijua nilipomwuliza, akanitazama, akasema, "Kumbe u mzima." Sikuelewa kwa nini alisema hivyo. Akanielekeza nyumba yao, iko chini pale barabara ya mawe inapoanza, ina banda la kuku nyuma. Banda jipya, waya bado unang'aa. Ndani hamna kitu.

Mwanamke alikuwa anaanua nguo. Alinitambua kabla sijatamka. Akamwita mumewe. Nikauliza kama ulivyoniagiza, nikanyamaza.

Mzigo wao ulikuwa vifaranga, bibi. Maboksi ya vifaranga vya siku moja, ndiyo biashara waliyokuwa wanaianza. Baridi ilipoingia walivua makoti na mtandio wakayafunika maboksi, wao wakabaki hivyo hivyo. Mwanamke akasema vilikuwa vinalia vyote pamoja, halafu vikapungua, halafu akawa anasikia kimoja kimoja. Mpaka kunakucha kulikuwa kimya.

Nilidhani hapo ndipo pabaya. Akaendelea. Akasema, "Mume wangu hakulala kwa ajili yako. Alisema yule kaka kaahidi kurudi na hajarudi, basi gari lake limeanguka." Kulipopambazuka yule bwana alipanda kwa miguu mpaka ngomeni kunitafuta. Kila penye bonde anachungulia, anaita. Mlinzi ndiye aliyemwambia kwamba nilishuka kwa lami. Hakuamini, na mlinzi mwenyewe akaingiwa na shaka. Wakashuka nyumbani kwa miguu. Mpaka juzi alikuwa anamwambia mkewe, "Hakutuona akiwa kule juu, labda alipatwa na jambo, usimhukumu mtu." Na mkewe anamjibu, "Alituona. Alikuwa ameshika kitu machoni."

Walikuwa wanabishana hivyo tangu siku ile. Nikasimama mlangoni nikawaambia yule mama ndiye aliyekuwa sahihi.

Yule bwana hakunitukana. Ningeomba anitukane. Alitazama kisanduku cha spana nilichobeba, akasema, "Hizi zingefaa siku ile," akaingia ndani.

Nikawa nageuka niondoke. Mwanamke akauliza hiyo picha iko wapi. Nikamwambia iko kila mahali, lakini moja iko kwa bibi yangu, alikuwa anawapungia kila asubuhi akidhani mnanisalimia. Nilisema huku natazama chini. Akacheka, si sana. Akasema, "Kumbe kuna mtu mmoja alituitikia. Mwambie bibi salamu zake zimefika."

Nimemwomba bosi aiondoe picha kwenye kalenda zitakazochapwa tena, nikamweleza kwa nini, mbele ya wenzangu. Amesema atafikiri. Kwa kinyozi nimerudi kupita. Nakaa kwenye kile kiti nawatazama.

Mjukuu wako.


Tarehe 22 Aprili

Mjukuu wangu,

Nimeisomesha barua yako chumbani kwa mshonaji, watu wakiwepo, kwa makusudi. Waliosikia ubaya wasikie na haya. Tulipofika kwenye yule bwana anachungulia mabondeni anakuita, nimeomba tusimame kidogo. Mtu kapoteza vifaranga vyake vyote, halafu anapanda mlima kukutafuta wewe. Hilo litakukaa, na mimi sitakuombea likutoke. Likae. Likufundishe kuzima injini.

Sasa sikia ninavyotaka. Kuku wangu mwekundu ameangua. Kabla hujaanza kuniambia, najua, hii si malipo. Vile vilikuwa maboksi, hivi vinatosha kwenye kapu, na vilivyolala kwenye baridi havirudi. Ni kwamba lile banda lisikae tupu, linaudhi kulifikiria. Nitamchukua mama na watoto wake, kapu nitalipakata mwenyewe. Wewe utaendesha. Goti litakuja maana halina pa kubaki.

Kwanza kwao. Utazima injini kabisa, ufunguo unipe mimi. Nitakaa na yule mwanamke mpaka tuchoke kuzungumza, na wewe utakwenda kumwuliza bwana kama kuna kazi ya mikono. Akisema hakuna, ukae karibu naye hivyo hivyo.

Ngome baadaye, kama mwanga utakuwepo. Kama jua litazama sisi bado kwao, basi lizame. Nimeishi maisha yangu yote bila kuiona ngome na sijafa.

Picha nimeigeuza, inatazama chumba tena. Wale ni wageni wangu, siwezi kuwageuzia ukutani.

Lile jina lako la mume nimelifunga kwenye kitambaa pamoja na simu. Njoo na gari, utalikuta kabatini.

Bibi yako. Kidole hiki hapa, leo nimekibonyeza kwa nguvu.

(Mimi mshonaji: asubuhi hii amewapungia. Mkono mmoja tu, na hakucheka.)